Mzungu Kafa na Kirefu Chake

Jamani, nani aliwadanganya makasisi wa Uingereza ya zamani kwamba wino unauzwa kwa kilo? Maana mimi nimeshindwa kuwaelewa. Mtu ana nyumba ya bure ya kanisa. Ana kalamu, ana daftari, ana mtumishi wa kumchemshia chai. Halafu akifika kwenye safu ya kazi ya baba mtoto anaandika "Lab" na kunyanyuka zake. Lab, basi! Mwenzake kalima mpaka mgongo umekataa kunyooka, anaambulia herufi tatu. Na mimi huku Mbagala, miaka mia mbili na ushee baadaye, joto hilo, feni imegoma, nimekodoa macho najiuliza Lab ndiyo mdudu gani.

Ngoja nikuanzie mwanzo, maana naona unaniangalia kwa jicho lilelile la mama watoto.

Nimepata mchongo mtandaoni. Usicheke kwanza. Huko Uingereza, Marekani, Australia, kuna watu wanatafuta mababu zao. Mababu wenyewe walishakufa siku nyingi wala hawajamwita mtu, lakini wajukuu wana hela na wana nafasi. Basi madaftari ya makanisa ya Kianglikana, ya ubatizo, ndoa na maziko, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Picha zinarushwa kwa watu kama mimi. Kazi yangu ni kuchapa kwenye jedwali: jina, tarehe, kijiji, kazi ya baba. Sharti lao moja, kazi iandikwe kwa kirefu. Unalipwa kwa mstari. Malipo ya mstari ni senti. Senti za dola, sawa, lakini senti. Nilipiga hesabu usiku nimelala chali, mistari ya saa moja mara saa za siku mara siku za mwezi, nikapitiwa na usingizi nikiwa tayari nimenunua bajaji.

Laptopu ni ya shemeji. Ananikodishia kwa wiki. Wiki ikiwa na kazi analipwa, wiki isipokuwa na kazi analipwa. Bando langu, umeme wangu, macho yangu.

Kiingereza nakijua, nilipata D. D ni ufaulu, asikudanganye mtu. Ila D yangu ilikuwa ya Kiingereza cha kupigwa chapa. Hawa walikuwa wanaandika kwa unyoya wa bata bukini, na herufi zao m, n, u na i zote ni vijiti vya uzio, chagua mwenyewe wapi pa kukata. Halafu kuna s moja ndefu, ndugu yake f, hata mama yao asingewatofautisha. Fundi mwashi, mason, ukimkuta humo anasomeka "Mafon". Nikajua huyu ni fundi simu. Nikamchapa hivyo, nikaendelea na mwingine.

Kilichonivua nguo mapema kabisa ni "Ag Lab". Sikiliza, mimi kemia nimeisoma. Mwalimu wetu alituchapa mikwaju ya nguvu kwa sababu ya Ag. Ag ni madini ya fedha, hata ukiniamsha usiku wa manane nakwambia. Na Lab kila mtu anajua ni maabara. Sasa wewe mwenye akili zako ungeandika nini? Nikachapa: maabara ya fedha. Mstari wa pili, maabara ya fedha. Ukurasa mzima, baba mtu na wanawe na majirani zao, wote maabara ya fedha. Nikakaa nikawavulia kofia. Nikamwambia mama watoto, unaona hawa, kijiji kidogo hakina hata barabara lakini maabara wanayo, tena ya fedha, ndiyo maana walitutawala. Akaniuliza kama nimenunua unga.

Msimamizi akajibu kesho yake. Msimamizi simjui sura, kwenye picha kaweka paka. Aliandika maneno matatu tu: kibarua wa shamba. Yaani mtu wa jembe! Agricultural labourer, ndiyo wakaikata hivyo. Kijiji kizima cha vibarua wa jembe mimi nimekivalisha makoti meupe. Bila aibu akaniambatishia mwongozo, ambao nilikuwa nao tangu mwanzo na nilishabonyeza kwamba nimeusoma. Kwani wewe huwa unausoma?

Mwongozo wenyewe unasema kosa siyo la makasisi peke yao. Eti hizi "Ag Lab" zilitamba sana kwenye sensa ya tarehe 6 Juni 1841, ambayo nayo wameichanganya kwenye mzigo wangu ili tulinganishe. Makarani wa sensa waliruhusiwa rasmi kufupisha, na waliandika kwa penseli. Penseli! Halafu wakaguzi wakapita juu yake wakihesabu na kuchora mikwaju. Kwa hiyo una penseli iliyofifia, juu yake mkwaju, chini yake kazi ya mtu.

Kwenye hiyo sensa ndiko nilikoaibika kwa Ind. Nilikuta mabibi wazee wa Devon, wajane, wanaishi peke yao na mtumishi mmoja, kazi "Ind." Nikaandika Wahindi. Si ndivyo inavyosomeka? Wakawa wengi, nikasema kumbe Wahindi walifika Devon kabla ya kufika Kariakoo. Kumbe ni watu wanaoishi kwa hela zao wenyewe, hawategemei ajira. Na yule mtumishi kaandikwa "F.S." Nikajua form six. Nikasikitika kidogo, maana binti kafika form six halafu anaosha masufuria, nikaona tatizo la ajira halikuanza jana. F.S. ni mtumishi wa kike. Wa kiume ni M.S. Na ukikuta "N.K." kwenye swali la mtu alikozaliwa, usiandike na kadhalika. Mimi niliandika. Bwana mmoja wa Bristol nilimfanya amezaliwa na kadhalika. N.K. maana yake haijulikani.

Turudi kanisani. Kwa wasiojua, amri ya kila parokia kuweka daftari ilitoka mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, na aliyeitoa ni waziri wake Thomas Cromwell. Amri ikasema andika ubatizo, ndoa na maziko. Kazi ya mtu haikulazimishwa. Kasisi akiwa ameamka vizuri anaandika, akiwa amegombana na mkewe haandiki. Unakuta miaka kumi hakuna kazi ya mtu yeyote, halafu anakuja kasisi mpya mwenye bidii, ghafla kijiji kina mwashi, msaga nafaka, mshona viatu na muuza pombe. Hawakuhamia. Walikuwepo.

Mpaka ikafika sheria ya mwaka 1812 ya mbunge mmoja anaitwa George Rose, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1813. Hapo sasa zikaja fomu za chapa, ubatizo nane kila ukurasa, na safu maalumu ya hadhi, biashara au kazi ya baba. Ningemshukuru Rose, lakini safu yenyewe wameifanya nyembamba! Mtu ana kazi ndefu, safu fupi. Kasisi atafanyaje? Anakata. Anaandika mwanzo wa neno, anaruka katikati, halafu anapachika herufi ya mwisho huko juu, ndogo, inaning'inia. Mimi zile za juu nilidhani uchafu. Kinyesi cha nzi. Nikazifuta kichwani mwangu nikaendelea.

Baadaye nikapata akili. Nikajiuliza, hapa mtaani nani anasoma miandiko isiyosomeka? Jibu likaja lenyewe: duka la dawa. Yule binti wa duka la dawa anasoma mwandiko wa daktari yeyote, hata daktari mwenyewe akisahau aliandika nini anamwuliza yeye. Nikaprinti ukurasa mmoja kwa jero, nikaenda nikapanga foleni. Zamu yangu ikafika. Akauchukua, akaupitisha macho, wala hakushtuka.

"Hapa TDS," akasema. "Mara tatu kwa siku."

Nikachungulia. Alikuwa amewekea kidole jina la baba mtoto, Thomas, ambalo kasisi kaliandika Tho na s kaitupa juu.

"Na hapa wameandika Lab," akaendelea. "Daktari anataka akapime kwanza, kaka. Siwezi kutoa dawa bila majibu ya maabara. Mgonjwa ni nani?"

Nikamwambia mgonjwa alishafariki.

Foleni ikanyamaza. Mama mmoja nyuma yangu akasema pole sana baba. Binti naye akashusha sauti, akauliza amefariki lini. Nami kwa kuwa nimelelewa vizuri na sisemi uongo nikamjibu sijui tarehe hasa, ila mwaka 1816 alikuwa bado mzima. Yule mama akaiondoa pole yake palepale, nilimwona kabisa anaiondoa. Nikanunua panadoli ili nisionekane nimekuja bure. Na kichwa kilikuwa kinauma kweli.

Aliyeniokoa ni mzee wetu mmoja wa kijiweni, karani mstaafu wa mahakama. Kila jioni yuko kwenye benchi la kahawa, miwani imefungwa uzi sikio moja. Nikamwamkia, nikamwonyesha ile karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akacheka peke yake.

"Kijana, hii herufi inayoning'inia juu ndiyo mkia wa neno," akasema. "Ushike mkia kwanza, kisha kichwa. Katikati utakujaza wewe. Sisi mahakamani tulikuwa tukiandika hivihivi, hakimu anasema haraka, wewe una mkono mmoja."

Akaanza kushusha. L, a, b, juu r: labourer, kibarua. C, a, r, p, juu r: carpenter, seremala. W na m juu ni William. J, a, s ni James. Akafika kwenye Jno, nikamwambia hapo nimeshajua, ni Jonathan. Akanitazama juu ya miwani. Ni John, akasema. Sasa wazee wenzangu, John ana herufi nne! Unazifupisha ziwe tatu kwa faida gani? Umeokoa h, h utaipeleka wapi? Mzee akasema ndivyo ilivyo, akaagiza kahawa na kashata, akaninyooshea mimi kidole nilipe. Tangu siku hiyo somo lina bei. Akisoma "Husb" anakunywa kikombe. Husb siyo mume wa mtu, ni husbandman, mkulima mdogo. Akisoma "Vict." anakunywa viwili, maana hiyo ni ngumu: muuza chakula na vinywaji, mwenye baa kwa lugha yetu. Mimi nilikuwa nimemwandika mwathirika.

Kuna siku nilijipigia makofi. Nilikuta neno zima, halikukatwa, mwandiko safi: Navigator. Nikasema leo nimepata mtu wa maana. Nahodha, msoma ramani, mtu wa nyota na dira. Nikamchapa kwa mbwembwe. Akaja mwingine. Wakaja wengi. Nikafungua ramani, kijiji kiko katikati kabisa ya nchi, bahari hata harufu hawaisikii. Nikawaza labda walikuwa likizo. Msimamizi wa paka akaniandikia: wachimba mifereji. Enzi hizo Waingereza walikuwa wanachimba mifereji ya kupitishia mashua za mizigo, na mfereji wenyewe wakauita navigation, kwa hiyo mchimbaji mwenye sululu na koleo na matope mpaka kiunoni ndiye navigator. Yaani mwaka huu kwa mara ya kwanza nimesoma neno likiwa kamili, bado nimedanganywa.

Na wakati vibarua wanakatwakatwa hivyo, unajua kasisi mwenyewe kajiandikaje? Clk. Nikaandika karani. Nilifurahi kumwona karani mwenzangu, anaishi nyumba kubwa karibu na kanisa, watoto wengi, wote wamebatizwa kwa raha. Nikasema kumbe ukarani ulilipa. Mzee wa kahawa akaniambia taratibu, kijana, huyo ndiye kasisi. Kiserikali alikuwa clerk, karani wa Mungu. Sasa haki iko wapi? Kasisi anajiita karani, na mimi niliye karani kweli nimeitwa mkandarasi huru kwenye mkataba, ili nisidai likizo.

Halafu kuna "Gent." Huyu ni gentleman, na kwenye safu ya kazi hiyo ndiyo kazi. Hafanyi kitu. Anakula kodi za mashamba yake. Nilimsomea mama watoto, akasema basi na wewe wakuandike hiyo, ondoa mashamba.

Mikoa ya katikati, Leicestershire, Nottinghamshire na Derbyshire, kuna herufi tatu zilizonitesa kuliko zote: FWK. Ukurasa mzima FWK, FWK, FWK. Nikajaribu kuvunja kama nambari ya siri. Kumbe ni framework knitter, mfumaji wa soksi kwa mtambo wa mbao na chuma. Na hapo ndipo niliposimama kidogo, maana mwongozo una maelezo yake na kwa mara ya kwanza niliyasoma mpaka mwisho. Mtambo ulikaa nyumbani kwa mfumaji, dirishani, apate mwanga. Baba anafuma, mama anashona soksi iliyofumwa, watoto wanazungusha nyuzi. Lakini mtambo si wake. Wa tajiri. Analipia kodi ya mtambo kila wiki, na wiki isiyo na kazi kodi inakatwa vilevile. Niligeuka nikaitazama laptopu ya shemeji. Ikanitazama.

Inasimuliwa kwamba aliyebuni mtambo huo mwaka 1589 ni William Lee wa Calverton, Nottinghamshire, na kwamba naye alikuwa kasisi. Umeiona hiyo? Kasisi anambunia mtu mashine ya kumchosha, kasisi mwenzake anamfupishia jina la kazi. Ilipofika 1811 wafumaji wakachoka, wakaanza kuvunja mitambo usiku kwa nyundo, ndio hao Waluditi unaowasikia. Mwaka 1812 Bunge likapitisha kwamba anayevunja mtambo anyongwe. Nikaifunga laptopu polepole, kwa heshima, nikaiweka kwenye begi lake.

Kwenye madaftari ya karne ya kumi na nane nikakutana na herufi moja tu. P. Iko pembeni ya jina, imesimama yenyewe. Kurasa na kurasa, kila mtu P. Nikafikiri sana, nikaandika polisi. Kijiji chenye usalama. Msimamizi akanikumbusha kuwa polisi wa London wenyewe walianzishwa 1829, na hawa ni wa 1785. Sasa ningejuaje, nilikuwepo? Kumbe P ni pauper, fukara, mtu asiye na kitu. Na sababu yake, ndugu yangu, utaipenda. Mwaka 1783 serikali iliweka kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko yanayoandikwa daftarini. Fukara hakatwi. Basi umaskini ukaingia vijijini kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana! Jana mtu alikuwa na ng'ombe, leo anabatiza mtoto ni P. Kasisi naye anawajua, anakula nao, lakini mkono unaandika P. Kodi ikafutwa 1794, na mafukara wakapona. Hawa watu nimewapenda. Hapa mtaani mtu wa kodi akionekana kona ile tu, maduka yanafungwa, anayebaki wazi ni muuza mchicha. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi hatukupata kasisi wa kutuandikia.

Mwanangu wa kidato cha pili yeye alinidhalilisha kwa njia ya kisasa. Nilikwama kwenye jina "Xtopher". Nikaliangalia asubuhi, nikaliangalia mchana, nikasema huyu atakuwa mgeni, labda Mgiriki. Kapita nyuma yangu na kikombe cha uji, hata hakusimama: "Si Christopher, baba?" Nikamwuliza umejuaje. Akasema mbona rahisi. Huyu mtoto anaandika "xaxa" akimaanisha sasa, kila siku namfokea kwamba anaharibu lugha, kumbe yuko sambamba na makasisi. Mwongozo unasema X ile kweli ni ya Kigiriki, ndiyo herufi ya kwanza ya jina la Kristo, kwa hiyo na mimi sikuwa mbali. Nikampa kitabu kingine, cha zamani zaidi, maana kabla ya 1733 makasisi wengine walikuwa wanachanganya Kilatini. Kazi ya baba: "text." Akasema huyo anatuma meseji. Nikachapa. Ilikuwa textor, mfumaji nguo. Mtoto hakuadhibiwa kwa lolote, barua ya onyo ilikuja kwangu.

Halafu mama watoto akaniuliza swali ambalo limenikalia kooni mpaka leo. Alikuwa anachambua mchele, mimi namsomea vyeti vya ndoa kujisifu. Tangu Julai 1837 cheti cha ndoa England na Wales kikawa na safu ya jina la baba wa bwana harusi na kazi yake, baba wa bibi harusi na kazi yake. Akauliza, na mama? Nikatafuta. Nikapanda juu, nikashuka chini. Mama hayumo. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Kwa hiyo watu wote hao walizaliwa na baba peke yake?" Mwongozo ukasema majina ya mama yaliingizwa kwenye kumbukumbu za ndoa za huko Mei 2021. Juzi hapa! Sikumwambia hilo, kwa usalama wangu. Na kwenye ubatizo mama naye anaandikwa jina tu, kazi hana, hata kama ndiye aliyeshona soksi zote za Leicestershire. Akizaa bila mume ndipo anaandikwa kwenye safu ya kazi, tena mara nyingi wanaweka "Single Woman". Kazi yake ni kutokuwa na mume. Hiyo wameiandika kwa kirefu, hapo wino ulitosha.

Ila kwenye hizo ndoa nako kuna vituko. Baba ambaye kwenye ubatizo ni Labr, siku ya kumwoza binti anageuka Farmer. Wengine wanafika mpaka Gent. Hili halikunipa taabu hata kidogo. Mimi nimeshasimama kwenye sherehe nyingi za kwetu nikasikia mshereheshaji anawatambulisha wazazi, na sijawahi kusikia baba wa bibi harusi ambaye si mfanyabiashara.

Nawe usidhani sisi tumepona. Juzi katibu wa jumuiya yetu alikuja na daftari la waumini, kajaza nyumba baada ya nyumba, kafika kwangu kachoka. Akauliza kazi. Nikavuta kiti. Nikamweleza yote, kwamba nanakili madaftari ya makanisa ya Uingereza, kwamba navifungua vifupisho vya kazi za marehemu, kwamba ni kazi ya kitaalamu. Akawa anaitikia mh, mh. Kalamu yake imekaribia kwisha wino, anaitikisa. Alipomaliza nikachungulia. Kaandika "Mtnd." Nikamwambia katibu, hiyo baadaye wataisoma mtundu. Akasema safu ni ndogo, mzee, tutaelewana tu. Jirani yangu fundi makenika kaandikwa "Fnd." Wa kule mwisho, anayeuza samaki feri, kaandikwa "Bsh." Babu yangu mzaa baba sijui alikuwa anafanya kazi gani, na shangazi ukimwuliza anasema alikuwa mtu wa safari. Huyo hata Lab hakupewa.

Sasa mzigo wa kwanza nimeumaliza. Nimetuma. Msimamizi wa paka kasema ahsante. Nikafungua ukurasa wa malipo, mwenye laptopu kakaa pembeni yangu anasubiri, mzee wa kahawa naye ana deni lake la kashata, Mangi mwenye duka ana daftari lake la madeni ambalo mimi nimeandikwa kwa kirefu, jina langu na la baba yangu. Mbele ya jumla ya hela zangu kuna neno moja, limekatwa, lina nukta: "Pend." Nimelisoma. Nimetafuta mkia wake, hauko juu wala chini. Shemeji anasema maana yake hela bado. Mimi nasema asikurupuke, haya mambo yana wataalamu, inawezekana ni pendwa. Kama kuna msomaji anajua kirefu chake, na kirefu chenyewe kiwe kizuri, nipo kwa Mangi mpaka saa mbili usiku. Nadaiwa.